Sauti Ambayo Sikuisikia

Atupele mwanangu,

Umetoka na baba yako sasa hivi kwenda kutafuta sanduku jingine, maana zipu ya lile la zamani imegoma. Neema yuko mezani na hesabu zake za sehemu, na kila baada ya dakika mbili ananipigia kelele kuuliza kama naandika barua ya mapenzi. Nimemjibu ndiyo. Nina saa mbili, labda tatu mkikwama kwenye foleni. Nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu chumba chenu ndicho chenye mlango unaofungika vizuri.

Habari za chakula, za kufua, za kuchagua marafiki, sitaziandika. Baba yako amekwisha kukupa hotuba hiyo mara nne, na bibi yako atakupa ya tano ukifika Tukuyu kabla ya kwenda chuoni. Mimi nina jambo moja, na nimelikwepa miaka minne. Tangu Ijumaa unanijibu "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama", kisha unapita. Kesho jioni unapanda ndege. Sitaki uondoke huku tukiwa hivi, na najua nikijaribu kulisema kwa mdomo nitaharibu tena. Mdomo wangu ndio ulioleta haya yote.

Unakumbuka ulivyoacha shule, lakini nadhani unakumbuka kama mtoto. Ngoja nikuambie nilivyoona mimi. Ulikuwa na miaka saba. Wiki nzima ulikuwa unarudi na chakula chako hakijaguswa, nikadhani hupendi maandazi ya dukani. Siku ya tano uliniambia, neno moja moja, kwamba mwalimu alikuambia usimame useme jina lako, na usikae mpaka ulimalize. Jina lako linaanza na irabu, na irabu ndizo zilizokuwa zikikufungia mlango. Ulisimama mpaka kengele ikalia. Wenzako walikuwa wanahesabu sekunde kwa vidole.

Kesho yake sikukupeleka. Baba yako aliporudi kutoka zamu, bado na sare ya hoteli, nilimwambia nimekutoa. Akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Utaweza?" akaniuliza. "Na huyo aliye tumboni?"

"Nilifundisha darasa la watoto sabini Rungwe. Nitashindwa mmoja?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na cheti cha ualimu kwenye bahasha na ubishi kichwani. Na niseme ukweli, miaka ile mitatu ya kwanza sijutii hata siku moja. Tulianza asubuhi kwa sala na zaburi, halafu hesabu kabla jua halijapiga dirisha la sebuleni. Tulipima kivuli cha mtungi wa gesi pale barazani, saa nne na saa sita, ukakasirika kwamba kivuli kinapungua wakati joto linaongezeka. Neema alipozaliwa ulikuwa unamsomea vitabu vyako, na ulimsomea bila kukwama hata mara moja. Nilikuwa nasimama jikoni na sahani yenye povu mkononi nikisikiliza, nikimshukuru Mungu. Nilidhani nimekuponya.

Sijui ni siku gani nilianza kukumalizia maneno. Labda ilikuwa pale bakala, duka letu la chini, yule mzee alipokuuliza unataka nini, nawe ukafungua mdomo, na nyuma yetu kulikuwa na watu watatu na mikate yao. Nikasema, "Maziwa na mayai." Ilichukua sekunde moja. Ukafunga mdomo. Nikaona nimekusaidia.

Baadaye nikawa nakujibia bibi yako kwenye simu. Nikakujibia kanisani. Mtu akikuuliza unasoma darasa la ngapi, mimi ndiye najibu, na wewe unatazama viatu vyako. Watu waliniambia, "Mama Atu, una moyo." Nami nilipenda kusikia hivyo. Nimelelewa na baba mwinjilisti, kwenye nyumba ambamo mtoto anayesema haraka na vizuri ndiye aliyesifiwa mbele ya wageni. Nilikuwa mtoto huyo. Mtu mwenye ulimi mwepesi huwa haoni kosa lake upesi, kwa sababu kila mara anajieleza kabla hajaulizwa.

Ulipokuwa na miaka kumi tulisoma habari za yule nabii aliyemwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, akapewa kaka yake amsemee. Uliniuliza, na ilikuchukua muda mrefu kuuliza, kwa nini Mungu hakuuponya ule mdomo. Nikakujibu papo hapo: "Kwa sababu alimpa msaidizi. Kama mimi na wewe." Ukaangalia kitabu. Ukafunua kurasa mbele, ukaweka kidole mahali ambapo kaka huyo huyo, nabii akiwa mlimani, anawatengenezea watu ndama wa dhahabu. Nilikuambia tufunge, tuingie kwenye sayansi. Nilijua vizuri ulichokuwa unanionyesha, Atu. Nilijifanya sijaona.

Sasa nafika penyewe.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Jumatano ulianza kulalamika tumbo. Alhamisi asubuhi nikakupeleka kliniki. Daktari alikuwa mwanamke mpole, alikaa ukingoni mwa kiti chake akakuuliza wewe, si mimi: "Maumivu yalianzia wapi?" Ukaweka mkono kwenye kitovu. Ukaanza neno. Likagoma. Nikasema, "Ni siku zake, daktari. Kila mwezi anasumbuka hivi." Akakutazama tena, akauliza kama maumivu yamehama. Ukaitikia kwa kichwa, ukaanza tena kusema, na mimi nikakushika goti. Lile goti nalikumbuka zaidi ya yote. Nilikushika goti kama mtu anayezima redio.

Nikamweleza mengine, ya kwamba hupendi kula asubuhi, ya kwamba unasomea nyumbani na labda ni wasiwasi wa mitihani. Akatupa dawa za maumivu. Akasema tukiona yanazidi turudi upesi. Kwenye lifti ukanivuta mkono.

"Mama, si-si hivyo."

"Najua, mwanangu. Utalala, itapita."

Ijumaa asubuhi ulikuwa umejikunja. Hukutaka chai. Huku nchi ya Kiarabu tunasali Ijumaa, na kwaya yetu ilikuwa na zamu ya kuimba, nami ndiye niliyekuwa naongoza. Baba yako alikuwa kazini hotelini, West Bay, tangu alfajiri. Nilikuambia uvae. Ulisema huwezi. Nikakuambia, na maneno haya nayaandika jinsi yalivyotoka: "Nyumbani mwa Mungu ndiko kwenye nafuu. Usimpe shetani nafasi." Nilikuvisha mwenyewe. Nilikufunga viatu.

Mama Glory wa kwaya alitupitia na gari lake. Kutoka mtaani kwetu Al Wukair mpaka kanisani Mesaimeer hukusema neno, unalia chini chini tu, na mimi nilikuwa mbele nikifanya mazoezi ya sauti ya pili. Tulipanga foleni pale getini pa kukaguliwa mikoba, jua tayari kali, watu wa mataifa yote na nguo zao za Ijumaa. Nilikuwa nimekushika mkono wa kulia. Nikausikia unateleza. Ulianguka juu ya miguu ya mwanamume aliyekuwa nyuma yetu, na ulikuwa umeacha kulia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mlinzi, kijana wa Kiganda, ndiye aliyekubeba mpaka kwenye gari. Mama Glory aliendesha huku anaomba kwa sauti. Mimi sikuweza kuomba. Nilikuwa nasema tu, "Atu, nisemeshe. Atu, sema chochote." Miaka yote ile nilikuwa nimekunyang'anya maneno, na sasa nayaomba.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari wa upasuaji alinieleza kwa Kiingereza cha pole pole, akauliza maumivu yana siku ngapi, akauliza kama ulionwa na mtu. Nikamwambia ulionwa. Akauliza mtoto alisema nini. Nikamjibu, "Hakusema." Hata hapo, Atu, nilikutupia wewe. Hakusema.

Ulikaa wodini siku kumi na moja. Unamkumbuka Sista Achieng wa Kisumu kuliko mimi, lakini kuna jambo hukulisikia. Siku ya nne, alikuuliza unajisikiaje, ukaanza kujibu, nikaanza kukusaidia. Akaniinulia kidole, hakunitazama hata. Akakuambia, "Sema pole pole, mrembo. Mimi niko hapa, siendi mahali." Ukachukua dakika nzima. Ulisema unaota kwamba uko kwenye foleni. Baadaye akanifuata kwenye korido.

"Mama, wacha huyu msichana aongee. Yeye ako na maneno. Ni nafasi hana."

Nilimchukia. Nilimwambia mimi ndiye mama yako, na pia ndiye mwalimu wako. Akasema, "Najua. Ndio maana nakuambia wewe," akaenda zake na trei yake ya dawa.

Mwezi uliofuata nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Wewe ulikuwa benchi la tatu, bado mwembamba, umeshika tumbo. Nilitaka kushukuru tu. Lakini nilipoona macho ya watu, na nilipofika pale getini, nikashindwa kusema kwamba nilikuvisha viatu kwa nguvu. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Ndipo nikasikia sauti, wapendwa. Wazi kabisa. Ikaniambia, mwanamke, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi." Watu wakalipuka kwa haleluya. Mama Glory, ambaye alikuwepo, alilia. Sijui aliamini au alinihurumia, hatujawahi kuzungumza.

Nilikuangalia. Ulikuwa unanitazama moja kwa moja. Halafu ukainamisha kichwa, na tangu siku ile hukuwahi kuomba kwa sauti mezani petu. Nilimwambia baba yako ni umri.

Sikusikia sauti yoyote, Atupele. Sauti pekee iliyokuwepo siku zile mbili ilikuwa yako, na hiyo ndiyo niliyokataa kuisikia.

Uongo ule ulinipandisha cheo. Akina mama walianza kunialika niwaeleze jinsi ya kufundisha watoto nyumbani, jinsi ya kulea katika imani ugenini. Nikawa na ratiba yangu, na daftari langu la masomo wakalipiga picha kwa simu. Na ulikuwa unanisaidia kuandaa, unachora yale majedwali kwa rula, bila kusema kitu. Nilikuwa nakuogopa. Sijawahi kukuambia hilo. Mama kumwogopa mtoto wake mwenyewe ndani ya nyumba, kumpigia hodi chumbani huku akitumaini hatafungua, ni maisha magumu. Nilifundisha kwa ukali zaidi. Siku uliyokosa maswali mawili ya kemia nikakurudishia sura nzima, na haikuwa kwa ajili ya kemia.

Mwezi uliopita, mama mmoja kijana wa hapa Al Wukair alinipigia simu. Mtoto wake ana homa siku ya tatu, hanyonyi. Akasema, "Mama Atu, naomba tangu juzi, lakini siisikii sauti kama uliyoisikia wewe. Sijui nifanyeje." Nikamwambia aache kuomba, abebe mtoto, ashuke chini, asimamishe gari lolote. Nilibaki na simu mkononi mpaka aliponipigia tena kutoka hospitali. Mtoto alipona. Angeweza asipone, na ingekuwa kwa ajili ya kitu nilichokitunga mbele ya watu kwa sababu niliona aibu.

Nilitaka kukuambia siku ile ile. Nikaanza: "Atu, kuna jambo." Ukaweka kalamu chini, ukasubiri. Ukasubiri kweli, jinsi ambavyo mimi sijawahi kukusubiri. Nikakuuliza kama umepiga nakala za cheti.

Halafu ikaja Ijumaa hii iliyopita. Mchungaji akasema, "Atupele anatuacha, anakwenda kusomea uuguzi. Atupele, una neno?" Na mimi nilikwishasimama. Hata sikufikiri. Nilikwishachukua kipaza sauti. "Mchungaji, anasema anawashukuru sana kwa..."

"Mama, kaa."

Ukumbi mzima ulisikia. Hukukwama hata herufi moja.

Ulitoka mbele, ukachukua kipaza sauti mkononi mwangu bila kunipora. Neno la kwanza likagoma. Nilikuwa nimemshika Neema vidole, akaninong'oneza, "Mama, unaniumiza." Hakuna aliyekohoa. Na neno lilipofunguka, ulisema kwamba ulipougua watu wengi walikuombea, na unawashukuru. Ulisema kulikuwa na muuguzi aliyekaa akakusubiri, na wewe unakwenda kujifunza kazi hiyo, kumsubiri mtu mpaka aseme panapouma. Ukanitazama. Ukumbi ulikuwa mikononi mwako, na mimi nilijua unachoweza kusema, nikaona kila kitu changu kinaning'inia kwenye pumzi yako moja.

Ukasema, "Basi. Asanteni." Ukarudi kukaa.

Mtu mwenye akili angepiga magoti pale. Mimi nilipanda gari mpaka nyumbani, baba yako akisema "umesema vizuri, mwanangu" mara tatu, na tulipoingia ndani nikakufuata chumbani nikakuambia umenidhalilisha mbele ya watu. Nilisema hivyo kweli. Ukavua hereni moja, ukavua ya pili.

"Ni-ningeweza kusema yote, Mama."

Ukafunga mlango.

Sikulala vizuri siku hizo, lakini hilo si jambo la kukutia huruma. Jumatatu nilimpigia mchungaji. Nilimweleza yote, tangu kliniki mpaka foleni mpaka ushuhuda. Nikamwomba anipe dakika kumi Ijumaa ijayo nisimame niseme ukweli. Nilidhani atasema Mungu akubariki, dada. Akaniuliza:

"Atupele anajua unataka kufanya hivi?"

"Hajui."

"Ni tumbo la nani, dada yangu? Ni mwili wa nani unaotaka kuusimulia tena mbele ya watu, na yeye ameshakwenda zake Tanzania?"

Nikaanza sentensi mbili, zote zikagoma. Akasema, "Basi usinijibu leo. Kamuulize kwanza."

Nimekaa na swali hilo siku mbili. Nilikuwa tayari kukusemea tena, Atu. Nilikuwa nimechagua siku ambayo haupo. Hata toba yangu niliipanga bila wewe. Ndiyo maana barua hii nitakupa mkononi leo hii hii, wala sitaificha kati ya nguo uikute ukiwa mbali, mahali ambapo huwezi kunijibu usoni.

Sina mawaidha mengi. Ninachojua nimekipata kwa kukuumiza. Utakutana na wagonjwa ambao ndugu zao wanaeleza vizuri sana. Muulize mgonjwa. Utakutana na watu wa Mungu wanaosimulia vizuri sana, na wengine wao watakuwa wanasema kweli. Usiache kuomba kwa sababu mama yako alidanganya kanisani. Mungu hakuwemo kwenye uongo ule. Na kama hutaki kuomba kwa sauti, omba kimya, ama usiombe kwanza, kaa tu mbele zake ukiwa na hasira yako. Zamani ningekuandikia zaburi hapa. Leo nakuachia uitafute mwenyewe, ukitaka.

Kuhusu baba yako: hajui habari za kliniki. Anajua nilivyosimulia kanisani. Nitamwambia nikishaongea na wewe, na hilo siombi ruhusa, kwa sababu ni mume wangu na nimemdanganya mimi.

Lakini la Ijumaa ni lako. Niambie. Unataka nisimame niseme? Au nisiseme, uje useme wewe siku utakayorudi likizo, au usiseme milele, na mimi nijiuzulu kufundisha wale akina mama bila kueleza sababu, watu waseme watakachosema? Lolote utakalochagua nitalifanya. Hata ukisema hutaki kunijibu.

Nasikia lifti. Neema ameshakimbilia mlangoni, anauliza sanduku lina rangi gani. Nitatoka, nitakupa karatasi hizi, halafu nitakaa sebuleni. Ukimaliza kusoma, njoo. Kama neno litagoma, ligome. Tuna mpaka kesho jioni, na sitakumalizia.

Mama yako,
ambaye anakupenda na amekukosea.